Kuku Niliyemhukumu kwa Uvivu

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, Mwingereza angali akitutawala, nami nikiwa mwalimu kijana huku Old Moshi na mume wa miezi minane tu: nilisimama uani na kisu mkononi, nimeazimia kumchinja kuku wa mke wangu.

Alikuwa kuku wa madoa, ambaye mama mkwe alimpa Anna siku alipotoka kwao. Anna alikuwa amekwenda kumwuguza mama yake huyo kwa mwezi mzima, na jioni ile ndiyo aliyotarajiwa kurudi. Alipokuwapo nyumbani, aliwaachia kuku wake wachakure kihambani, yaani shamba letu la nyumbani, chini ya migomba, akawamwagia na maganda ya mayai aliyoyakausha jikoni na kuyasaga. Mimi, msomi, niliuona huo kuwa uchafu. Alipoondoka tu nikawafungia katika banda nililolijenga kwa vipimo, nikafagia maganda yote, na chakula kikawa machicha ya mbege, pombe yetu ya ndizi, peke yake, kwa kuwa majirani walikuwa wakipika pombe na machicha yalikuwa tele.

Wiki ya tatu yakatoka mayai yasiyo na gamba, laini kama vifuko vya maji, na kuku wakayadonoa na kuyala. Kisha yule wa madoa akaacha kutaga kabisa. Kutwa mbili alikaa kiotani, akiinuka na kukaa tena, mkia chini, kama anayesumbuliwa na jambo asiloweza kulisema. Nikakata shauri kwamba ni mvivu.

Hapo ndipo alipopita Bibi Manka, jirani yetu, na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Huyo amekukosea nini?”

“Hatagi, bibi. Anakaa tu.”

“Umemshika tumbo?”

“Hapana.”

“Basi wewe umeshatoa hukumu, na mshitakiwa hujamhoji. Huko shuleni ndivyo mnavyofanya?”

Akatua mzigo, akanichukua mkono na kuuweka chini ya tumbo la kuku. Mwanangu, hata leo vidole vyangu vinakumbuka: kitu kigumu, cha duara, kimekwama. Kuku hakuwa mvivu. Alikuwa akipigania uhai wake, nami nilikuwa nimemnolea kisu.

Nikakimbilia jikoni kama mtoto. Tukaweka maji ya vuguvugu katika beseni, tukamkalisha humo hadi tumboni, na bibi akampaka samli kwenye tundu la kutagia.

“Usimminye,” alinionya. “Yai likipasukia ndani, tumemwua. Mshike vizuri, mwalimu, huyu si mwanafunzi wako, hakuogopi.”

Baada ya muda mrefu tukamkausha, tukamlaza kwenye kapu lenye majani makavu ya mgomba, karibu na meko, tukamfunika kitambaa. Nikachuchumaa mlangoni, masikio wazi, moyo ukinidunda kuliko siku ya harusi. Jua lilikuwa limefika utosini nilipomsikia akitetea. Nikafunua kitambaa: yai, lenye gamba jembamba la kukwaruza, lingali na joto! Nikamkumbatia Bibi Manka bila hata kuomba radhi.

“Gamba hulipata katika anachokula,” akasema akijitwika mzigo wake. “Ulimpa machicha. Alijenge kwa kitu gani?”

Anna aliporudi nilimweleza yote, kisu pia. Akamshika kuku wake.

“Mama amenusurika juzi tu,” akasema. “Ningerudi kumwambia nini?”

Kesho yake nilifungua banda mwenyewe, nikasaga maganda mwenyewe, naye akinicheka kwa jinsi nilivyoushika mchi wa kinu.

Nasaha yangu, mwanangu, ni hii. Kuku akiacha kutaga, mshike kwanza, tazama anachokula, tazama anapolala. Mpe maganda yaliyosagwa, majani mabichi na nafasi ya kuchakura, na akikwamwa na yai mpe joto na utulivu, kamwe si nguvu. Na mtu wa nyumbani mwako akifanya jambo usilolielewa, muulize sababu yake kabla hujalifagia. Elimu yangu yote haikunifundisha kuuliza swali hilo moja. Jirani yangu alinifundisha.

Mungu akupe mikono mipole na sikio la kusikiliza, awape afya wote wanaokutegemea, watu na mifugo, na nyumba yako isikose kicheko.