Mkono Uliovaa Soksi

Mimi nilitoka kwa vyoo. Wengine hapa Kitengela hupenda kusema walianza na biashara ndogo na hawasemi gani. Mimi nilichimba vyoo. Nilikuja kutoka upande wa Murang'a nikiwa na darasa la tatu na sururu moja, wakati hapa palikuwa pori na swara wanakula mahali benki zimesimama leo, na kila aliyenunua ploti alitaka kwanza shimo la choo kabla hata ya nyumba. Udongo wa hapa ni mweusi. Mvua ikinyesha unakuvua kiatu, jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingiza mkono mzima. Wengi walijaribu kuuchimba wakarudi kwao. Mimi sikurudi. Leo niko na nyumba za kupangisha na malori mawili ya kunyonya vyoo, na kanisa lilinifanya mzee wa kanisa bila mimi kuomba. Sijawahi kuona haya juu ya choo hata siku moja. Haya niliyo nayo ni ya kitu kingine, na ndicho naandika hapa.

Kila Jumapili ya mavuno, watu wakishapeleka mahindi na kabichi na kuku mbele, mchungaji huniita nitoe ushuhuda. Ushuhuda wangu ni mmoja tu, na watu wanaujua kama wimbo. Kwamba zamani nikiwa chini ya shimo futi kumi na tano, ukuta wa udongo uliniangukia ukanifunika hadi shingoni. Kwamba nilikosa pumzi. Kwamba nililia jina la Bwana na hakukuwa na mtu. Hapo huwa nasimama kidogo. "Hakukuwa na mtu," narudia, na kina mama wanaanza kusema asante Yesu. Kwamba mkono wa Bwana uliingia kwa hilo shimo ukanitoa. Nikimaliza, kanisa lote linasimama.

Ni ushuhuda mzuri. Najua watu wawili waliookoka kwa sababu yake, na mmoja mpaka leo ni shemasi. Shida yake ni moja. Kulikuwa na mtu.

Tulikuwa tunachimba wawili. Mwenzangu alikuwa Mkamba wa Makueni, rika langu, mwembamba, wa maneno mengi, mtu wa kulipwa Jumamosi na kufika Jumatatu amemaliza zote kwa pombe. Aliniita Bosi kwa kunidharau, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nazungumza na wenye ploti. Siku hiyo tulikuta mvua imenyesha. Yeye aliangalia ukuta wa shimo, akaona ufa, akasema hashuki, na mimi nisishuke, tungoje jua la siku mbili. Mimi nilikuwa nimeahidi kazi nyingine Isinya. Nikamwambia yeye ni mwoga, na ndiyo sababu watu wa kwao hawamalizi kitu. Nilisema hivyo. Nikashuka.

Sikumaliza hata ndoo ya tatu. Kwanza nilisikia kishindo kama gunia la mahindi likitupwa chini, halafu sikusikia kitu. Mikono yangu ilikuwa imebanwa kando, kifua kimebanwa, udongo umefika kidevuni. Ni kweli nililia jina la Bwana, kama mtu aliye na pumzi mbili zimebaki anaweza kulia. Lakini yule mwenzangu alikuwa ameshashuka. Ukuta wa upande wa pili ulikuwa bado unaning'inia juu ya kichwa chake, na alishuka. Hakutumia jembe wala beleshi kwa sababu aliogopa kunikata uso. Alichimba kwa vidole. Kucha mbili za mkono wake wa kulia zilibaki kwa huo udongo. Alinitoa kifua, akanifunga kamba kwapani, akapanda, akanivuta kwa lile gogo tulilokuwa tunapandishia ndoo.

Nilipoanza kuona vizuri alikuwa amekaa chini, amefunga mkono na shati, anacheka. Akaniambia, "Bosi, sasa umemaliza?"

Sikumwambia asante. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu nimekuwa nikijidanganya kwamba nilisema na nikasahau. Sikusema. Nilikuwa na hasira. Kuonywa na mtu, kumtukana, halafu mtu huyo huyo akutoe kaburini kabla ya saa nne, hiyo ni kitu ilinishinda kumeza. Nilijipangusa nikaenda nyumbani. Mkono wake ulivimba, hakushika sururu kwa miezi, nami nikatafuta mtu mwingine. Sikuenda kumwona. Baadaye nilisikia amepata kazi shamba la maua huko Isinya, na ameoa.

Mwaka huo huo niliokoka. Siku ya kwanza nilipotoa ushuhuda nilikuwa na nia ya kumtaja, naapa. Nilifika pale kwa yeye kushuka shimoni, nikaona nikimtaja itabidi nitaje na alichoniambia mapema, na nilichomjibu. Tena alikuwa mlevi, na kanisa limejaa wageni. Ulimi ukasema hakukuwa na mtu. Ulisema kwa urahisi sana. Watu walimpigia Mungu makofi, na nani atakulaumu ukimpa Mungu utukufu wote? Uzee ndio umenifundisha kwamba nilipenda utukufu wote uende kwa Mungu kwa sababu Mungu hakai Isinya. Sikuwa na hofu ya kukutana naye stendi akinidai neno moja.

Basi nikaurudia ushuhuda huo miaka zaidi ya ishirini.

Mavuno yaliyopita, vijana wa kanisa walisema mwaka huu nisisimame, wameniandalia mchezo. Wakaniketisha mbele na suti yangu. Kijana mmoja alikuwa ndani ya katoni kubwa ya friji, amefunikwa blanketi la kahawia hadi shingoni, analia jina la Bwana kwa sauti ya kuniiga mimi kabisa. Kanisa likacheka. Halafu juu ya pazia ukatokea mkono umevaa soksi nyeupe ya kuchezea mpira, ile ndefu ya kufika magotini, ukashuka polepole, ukamshika, ukamtoa. Kina mama walilia. Mimi mwenyewe nilipangusa jicho.

Baada ya ibada tulikuwa nje, wanapiga mnada wa kabichi na kuku walioletwa, nami nimesimama na mchungaji. Nilisikia mtu nyuma yangu akisema, "Bosi."

Nilijua sauti kabla ya kugeuka. Alikuwa amezeeka vizuri kuliko mimi, koti limepigwa pasi, na kando yake mama mmoja amefunga kitambaa cha kichwa cha Jumapili. Akanipa mkono, na vile vidole viwili visivyo na kucha vikanigusa kiganja.

"Mchezo ni mzuri," akasema. "Lakini Bosi, mkono wangu haujawahi kuwa mweupe hivyo."

Alikuwa anacheka. Hakuwa amekuja kwa ubaya. Akamsukuma mkewe mbele kidogo, akamwambia huyu ndiye, si unamwona. Nikaelewa kwamba amekuwa akimsimulia habari zangu tangu waoane, na mama haamini, na leo amemleta asikie kwa masikio yake kutoka kwa mdomo wa mzee wa kanisa. Na alichoona ni soksi.

Mama hakucheka. Akaniuliza kwa heshima, "Kwani mnajuana na mzee wangu?"

Mchungaji alikuwa pale. Yule kijana wa soksi alikuwa pale, hata hajaivua, anangoja sifa. Neno lilikuwa moja tu. Nikasema, "Tulifanya kazi pamoja zamani, kidogo." Halafu nikawauliza kama wamepata chai.

Mama akamgeukia mumewe akamwambia polepole, lakini nilisikia. "Nilikwambia. Kucha zilienda na pombe, na wewe unataka kuzibandika kwa wazee wa watu." Akamvuta mkono wa koti wakaenda. Yeye aliangalia nyuma mara moja. Nimemjua huyo mtu akiwa na njaa, akiwa amelewa, akiwa anatoka damu, na siku zote alikuwa na mzaha. Siku hiyo hakuwa nao.

Mimi nilirudi kwa mnada nikanunua jogoo kwa bei ya kuonekana.

Kwa siku nyingi baada ya hapo sikuweza kuombea chakula. Mimi ndiye huomba nyumbani kwangu, na maombi yangu huanza na asante kwa mkono wako uliotufikisha. Nikifika kwa neno mkono nakwama, chakula kinapoa. Mama watoto aliniuliza kama ni presha. Nikamwambia ni presha.

Mwishowe nilipakia pikapu unga, sukari, mafuta na yule jogoo, nikaenda Isinya. Karibu na shamba la maua nilikuta mzee Mmaasai na mbuzi wake, nikamsalimia sopa, akaitikia ipa, nikamweleza ninayemtafuta. Akauliza, "Yule anasema alitoa tajiri kwa choo?" Akacheka hadi fimbo ikamwanguka, halafu akanionyesha nyumba. Kwa hivyo hata hapo alikuwa ndiye mtu wa kuchekwa. Mzee hakujua tajiri mwenyewe ndiye ameshika usukani, nami sikumwambia. Hiyo pia naihesabu.

Mwenyewe alikuwa kazini. Mama alikuwa nje anachagua maharagwe kwa ungo. Alinikaribisha, akaniletea kiti, akarudi kwa maharagwe. Nikaanza kushusha vitu.

"Hivi ni vya nini?" akauliza.

Nikamwambia ni zawadi.

"Ya nini?"

Nikasema ya urafiki wa zamani. Akachagua maharagwe kidogo, akatupa jiwe moja, akasema bila kuniangalia kwamba nirudishe kwa gari, wao wamekula jana na watakula leo. Nikabaki nimeshika yule jogoo kwa miguu kama mwizi. Nilikuwa nimefikiri unga utasema badala yangu.

"Mama," nikasema, "alinitoa."

"Nani?"

"Mzee wako."

"Alikutoa wapi?"

Alinisemesha yote. Nikijaribu kuruka mahali, anauliza. Nani aliona ufa. Alikwambia nini. Ulimjibu nini. Hapo kwa nilichomjibu nilikwama, naye akangoja, yeye mwenyewe akiwa mtu wa kwao, na nikarudia neno kwa neno. Nilipofika kwa kucha, mikono yake ilisimama juu ya ungo.

Akasema, "Pombe aliacha mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa. Na mimi bado kila tukikosana namwambia angalia vidole vyako. Umenifanya nimtukane kwa kitu kizuri alichofanya."

Nikamwambia anisamehe.

"Uongo uliusema mbele ya kanisa zima na maiki," akasema. "Ukweli unaniletea mimi huku nyuma ya nyumba, kama mtu anauza chang'aa. Baba, enda uupeleke kule kule."

Nilirudisha unga kwa gari. Jogoo pia.

Nilipomweleza mchungaji, hakupenda. Alisema kwa upole kwamba Mungu hutumia watu, kwa hivyo ushuhuda wangu haukuwa uongo kamili, na kama ni lazima ningoje mavuno yajayo. Nikamwambia kwa umri wangu mavuno yajayo si yangu kuahidi. Akanipa dakika tano, Jumapili ya kawaida, baada ya matangazo.

Niliwapelekea habari, mume na mke, nao walikuja. Walikaa nyuma kabisa, yeye na koti lile lile. Nilisimama nikasema kulikuwa na mtu. Nikasema alinionya, nikasema nilivyomwita, na baadhi ya watu wa kwao walioko kanisani kwetu, ambao hulipa nyumba kwangu kila mwezi, waliangalia chini. Nikasema alichimba kwa vidole. Nikasema sikuwahi kumshukuru, na kwamba nimekuwa nikimshukuru Mungu kwa sauti kubwa ili nisisikie hilo. Hakuna aliyepiga makofi. Mtoto alilia akitaka maji, mamake akamtoa nje, na nikawaonea wivu wote wawili. Siku chache baadaye mzee mwenzangu aliniambia nimewaharibia ushuhuda, na nafikiri wengi wanaona hivyo.

Nilipofika mwisho nilimwangalia kule nyuma nikasema, "Asante." Lilitoka kama kikohozi, na maiki ikalifanya kubwa.

Nilingoja mzaha wake. Nilikuwa nauhitaji, nisiwadanganye. Nilitaka aseme Bosi, sasa umemaliza, watu wacheke, nishuke nikiwa nimesamehewa. Hata hakuwa ananiangalia mimi. Mkewe alikuwa ameuchukua mkono wake wa kulia ameuweka kwa mapaja yake, anavipapasa vile vidole viwili kimoja kimoja, kama mtu anayeona mahali ambapo amepita kila siku bila kuangalia, na mumewe alikuwa anamwangalia akifanya hivyo. Asante yangu haikuwa kitu alichokuja kuchukua.

Nikabaki nimesimama na maiki mpaka mchungaji akaanzisha wimbo. Nikashuka ngazi mwenyewe.