"Funga" ya Jovita na Betri ya Kwaya

Jovita alizaliwa Mishamo, Tanzania, na aliporudi kwao Minago, ng'ambo ya mpaka, akiwa msichana, watu walimcheka kwamba anaongea kama redio. Redio zenyewe ndizo alizokuwa akizitengeneza, kwa hiyo hakukasirika sana. Ila nani anapenda kuchekwa kila siku? Kidogo kidogo akajifunza Kiswahili cha mwambao wa ziwa. Huku redio haizimwi, inafungwa, maana ndivyo Kifaransa kinavyosema na majirani Wakongomani wamekifuata. Leo ana mtoto mkubwa, Yonasi, na meza ya ufundi kando ya barabara, na hakuna tena anayemcheka.

Lukeba, mpiga kinanda wa kwaya na baba wa Schékinah, alitoka Uvira, kwa Wakongomani hao. Kwake Jovita alikuwa bado mtu wa Kiswahili safi, na kila alipoongea naye alijikaza kukifuata. Basi kila mmoja alimheshimu mwenzake kwa Kiswahili cha mwenzake, na heshima hiyo ndiyo iliyovunja betri.

Alhamisi Lukeba alipiga simu: betri ya kwaya inatoa cheche pale waya unapogusa.

"Funga betri, Papa Schékinah, nakuja," Jovita akamwambia. Alimaanisha izime.

Lukeba akasikia Kitanzania: funga boliti, yaani ikaze. Akatafuta spana ndefu, akafunga. Akafunga tena, kwa heshima. Meno ya ndani ya kichwa cha seli moja kati ya nne za betri, kile kipande cha alumini kinachoshika boliti, yakalika yote, na boliti ikabaki inazunguka bure.

Jovita alipofika alimkuta amekaa chini, spana mapajani.

"Ulisema funga, Mama Yonasi. Nikafunga mpaka mukono ikauma."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Jovita alitaka kucheka, lakini aibu ilimzuia, kwa sababu Jumamosi Schékinah, binti wa pekee wa Lukeba, alikuwa anaolewa. Umeme ulikuwa umekatika tangu wiki iliyopita, esansi, yaani petroli, ya jenereta haikupatikana hata kwa dawa, na kinanda kilitegemea seli hizo nne za lithiamu. Moja ikigoma, zote zimelala. Schékinah naye alikuwa amesema wazi kwamba haingii kanisani bila baba yake kumpigia kinanda.

"Atapigiwa," Jovita akasema. Alisema kabla ya kujua atafanyaje.

Alumini haikubali kulehemiwa kwa risasi, na seli ya lithiamu haipendi moto. Njia ilikuwa moja, kuchonga meno mapya, mapana zaidi, katika tundu lile lile. Ijumaa asubuhi akaazima taraudi, chombo cha kuchongea meno, kwa Assumani fundi wa pikipiki. Akaitenga seli, akavua bangili, akafunika kichwa cha pili kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Kina cha tundu akakipima kwa njiti ya kiberiti, kisha akafunga utepe kwenye keekee ya mkono ili isipite hapo. Chini ya tundu ilibaki alumini nyembamba kama ukucha, na kuitoboa ni kuiua seli.

Alipokwisha kupanua tundu akatia taraudi, akazungusha nusu mzunguko, akarudisha, akainamisha seli ili unga wa alumini umwagike nje. Akarudia hivyo mpaka saa sita, jasho likimtiririka, akiogopa kuliko alivyowahi kuogopa kitu kidogo namna hiyo. Mwishowe boliti mpya, nene na fupi, ikaingia taratibu. Ikashika.

"Sasa kaza kidogo," akamwambia Lukeba. "Kidogo. Vidole viwili."

Lukeba akakaza kwa vidole viwili, akabonyeza kinanda, na sauti ikajaa chumba. Jovita alicheka mpaka akashika ukuta.

Jumamosi Schékinah aliingia kanisani kwa mwendo wa kwaya, bega kushoto, bega kulia, na vigelegele vikafunika hata kinanda. Akafika mbele. Mchungaji akafungua kitabu, akangoja. Lukeba alikuwa bado anapiga, machozi ya furaha yakimshuka, na vidole havikuonyesha dalili ya kuchoka. Jovita, aliyekaa karibu na betri yake, akamwinamia.

"Papa Schékinah, funga."

"Kiswahili gani, Mama Yonasi?"

"Chako."

Lukeba akafikiri kidogo. "Leo miye niko Mutanzania," akasema, na akakaza kupiga.