Sanduku la Shiku

Leo nimemdanganya mjukuu wangu, na sijutii.

Shiku anasafiri kesho kwenda kusoma Bulgaria. Nimemkuta kitandani na daftari, sanduku liko wazi limefura.

"Shosho, hili neno la Kibulgaria, kwa Kiingereza ni stuff, ama cram."

"Kwa Kiswahili?"

"Kushindilia."

"Sasa hiyo ni ya kusomea? Mimi niliachia darasa la tatu, na nimeshindilia mitumba miaka ishirini! Hebu toka hapo."

Nikapanga upya. Unga wa wimbi katikati, sweta pembeni.

Zipu ikakataa.

"Panda juu ukanyage."

"Kama zamani?" Akacheka.

Kama zamani. Akiwa mdogo nilimsimamisha ndani ya gunia la mitumba, anaruka akiimba, nguo zinashuka. Soko lote lilinionea wivu kwa huyo mtoto.

Akapanda. Akaruka mara mbili, nikavuta zipu, ikafunga.

Akashuka, sanduku tayari kwa safari.

Mjinga mimi, nilikuwa naharakisha nini?

Nikalifungua tena. Nikamwambia nimesahau kuweka majani chai.

Majani yako ndani, chini ya unga. Niliyaweka mwenyewe.

Nyinyi wenye wajukuu ng'ambo, niambieni ukweli: masanduku yao mwishowe yalifungwa na nani?