Maonyo Yetu Kando ya Sosiani

Msimu ule wa mvua, kazi yangu ilikuwa kuuliza watu kama tuliwadanganya. Ofisi yetu ilituma ujumbe wa simu kwa wanaoishi kando ya Mto Sosiani, hapa Eldoret, kila vipimo vilivyowekwa juu mtoni vilipoonyesha maji yanapanda. Siku iliyofuata mimi, karani, nilivaa gambuti nikapita nyumba kwa nyumba na fomu. Ujumbe ulifika? Maji yalikuja? Saa ngapi?

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mama mmoja fundi wa nguo, aliyetoka upande wa ziwa kama mimi. Onyo la kwanza lilipofika, alikodi mkokoteni akapandisha cherehani yake hadi kanisani, mlimani. Maji hayakuja. Nikatia alama: onyo la uongo. Mara ya pili, vile vile. Mara ya tatu alinipa chai, akanitazama nikiandika.

"Mwanangu, hii mashine ni ya chuma. Mgongo wangu si wa chuma."

"Pole, Mama. Mvua inanyesha kule Kaptagat, mto unakotoka, halafu maji mengine yanaishia njiani."

"Sasa mbona msingoje kwanza mjue?"

Nikakunja fomu. Kwetu, nilipokuwa mdogo, hakuna aliyetuonya. Tulijua mafuriko yamefika tulipokanyaga maji ndani ya nyumba.

Ujumbe wa nne ulitumwa saa nane mchana, jua likiwaka mjini. Mama aliusoma, akaendelea kushona sare za shule. Kabla ya saa kumi maji yaling'oa mlango. Jirani alimvuta kupitia dirishani. Mashine na sare zote zilibaki ndani.

Kesho yake nilimkuta akikamua sare matope.

"Ujumbe ulifika, Mama?"

"Ulifika."

"Maji yalikuja?"

Akachukua sare nyingine, akaikamua. Nikatia alama: onyo la kweli.

Mkubwa wangu alifurahi alipoiona ile fomu. "Hii tumepata!"

"Lakini hakuhama."

"Fomu haiulizi kama alihama. Inauliza kama tulisema kweli."

"Hakuhama kwa sababu ya yale maonyo matatu ya kwanza."

"Basi andika kwenye maelezo."

Sehemu ya maelezo ilikuwa mstari mmoja. Niliujaza, nikageuza karatasi, nikaandika upande wa nyuma pia. Kama kuna aliyesoma, hajaniambia mpaka leo.

Jumamosi nilirudi bila fomu, na mafuta ya taa na mswaki mkuukuu. Tuliifungua ile mashine skrubu baada ya skrubu, tukasugua mchanga na kutu.  Nilikuwa nimechoka uchovu ambao usingizi hauutoi. Kufikia saa kumi gurudumu lilizunguka, kwa kukwaruza.

"Itashona?" nikauliza.

"Mapazia, labda. Sare, sijui."

Nilipokuwa nikinawa mikono, aliniuliza kama siku ya mafuriko mimi mwenyewe niliyaona mawingu ya Kaptagat.

"Hapana, Mama," nikamwambia. "Nilikuwa ofisini, najumlisha fomu."

Akanipa kitambaa nijipanguse.