Siku Tulipowekwa Maonyeshoni, Mimi na Mume Wangu

Mwanangu, ipo siku moja huwa inanirudia kila nikisikia watu wameanza kununiana ndani ya nyumba. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, na mimi nilikuwa mke mpya, nimeolewa na babu yenu Fidelis hata mwaka haujapita. Siku hiyo tulikuwa kwenye uwanja wa maonyesho ya wakulima pale Morogoro mjini. Hatukwenda kutazama. Tulikwenda kutazamwa.

Bwana Shamba wetu, kijana mwenye bidii kupita kiasi, alikuwa amejengesha nyumba ndogo ya matofali ya udongo katikati ya uwanja, akaiita Nyumba ya Kujitegemea. Ilikuwa na jiko la udongo lisilokula kuni nyingi, banda la sungura, shimo la mboji, mzinga wa nyuki, na choo ambacho alikipenda kuliko vyote. Kilichokosekana ni watu wa kukaa humo, ili wananchi wapite waone mkulima wa kisasa anavyoishi. Alipopanda kijijini kwetu Kinole akaona matuta yetu ya ngazi yalivyosimama mlimani, mananasi na mboga chini ya migomba, akasema familia ameipata.

Ugomvi ulianzia hapo. Matuta yale nilichimba mimi, kwenye ardhi ya ukoo wa mama yangu, maana kwetu Uluguru ardhi hupitia kwa mama. Fidelis alitoka Turiani akaja kukaa kwetu. Lakini kwenye mkutano wa kijiji, Bwana Shamba alipouliza fundi wa matuta ni nani, mume wangu alisimama mbele ya watu akasema, "Ni mimi." Mimi nilikuwa nimekaa upande wa wanawake. Toka jioni ile sikumsemesha tena.

Tulishuka mjini kwa lori la kijiji, tumekaa juu ya magunia, katikati yetu tenga la sungura. Nikitaka asogee, nilisema na sungura: "Mwambieni huyo bwana goti lake linaniumiza." Naye aliwajibu wao: "Mwambieni mama lori ndilo hili hili." Sungura walitafuna majani yao, wala hawakufikisha ujumbe wa mtu.

Tukaingia kwenye ile nyumba, na watu wakaanza kupita. Walikuja wanafunzi, wafanyakazi wa viwandani, wakulima wa kila upande. Sasa nilikuwa na wajumbe wengi kuliko sungura. Nikamshika mgeni mmoja nikamwambia, "Ndugu, hebu muulize huyo bwana chumvi kaiweka wapi." Fidelis akamwambia mgeni huyo huyo, "Mjibu kwamba ipo pale alipoiweka yeye." Watu wakacheka. Walidhani ni mchezo ulioandaliwa. Habari zikaenea uwanjani kwamba kuna banda lina mume na mke wa ajabu, na baada ya muda madirisha yetu yote yalijaa vichwa. Bwana Shamba hakuelewa kinachoendelea, ila aliuona umati, akaninong'oneza kwa furaha, "Endeleeni hivyo hivyo, mama."

Kisha mtu mmoja akauliza swali la kawaida tu. "Shamba lenyewe, kule nyumbani, ni la nani?"

"Langu," akasema Fidelis.

"Langu," nikasema mimi, maneno yetu yakagongana.

Bwana Shamba akakimbilia kipaza sauti. "Ni la kijiji, ndugu wananchi. Ni la kijiji."

Alikuwapo bibi mmoja, mtu wa milimani kama mimi, aliyekuwa amekalia kigoda chetu toka asubuhi. Alikuwa akisubiri wali wa kwenye kapu. Chungu kikishachemka unakitumbukiza kwenye kapu lililojazwa majani makavu ya migomba, unafunika, na wali unaiva wenyewe bila moto. Bibi alisema haondoki mpaka auone kwa macho na auonje kwa mdomo. Kumbe muda wote alikuwa akituangalia sisi. Akasimama, akatushika mikono, akatuingiza chumba cha ndani na kufunga mlango. Tulimwamkia shikamoo kwa mara ya pili, kwa woga.

"Marahaba," akasema. "Nimeonyeshwa jiko, nimeonyeshwa choo, nimeonyeshwa mpaka mavi ya sungura. Wenye nyumba sijaonyeshwa. Kuna nini?"

Nikamweleza habari ya mkutano, na machozi yakanitoka, maana jambo lile lilikuwa limenikaa kifuani. Bibi akamgeukia Fidelis. Mume wangu akasema polepole, "Wenzangu pale kijijini wananiita mgeni wa mke wangu. Nikipita na jembe wananiuliza leo nimeazimwa wapi. Nilitaka siku moja tu nionekane na mimi nina changu."

Mwanangu, hilo sikuwa nalijua. Tulikula sahani moja kila siku na sikuwa nalijua.

"Na kwenye hayo matuta hukufanya kitu?" bibi akamuuliza.

"Nilibeba mawe. Kutoka mtoni, kwa kichwa."

"Basi chako ni hicho. Unachukuaje cha mwenzio na chako unacho?" Akanigeukia mimi. "Na wewe, ulimuuliza kwa nini alisema vile?"

"Hapana, bibi."

"Umeuliza watu wote wa Morogoro, yeye hukumuuliza."

Wakati huo mgeni rasmi alikuwa amefika, na familia haionekani. Tulimsikia Bwana Shamba upande wa pili wa ukuta akijikaza kueleza peke yake: "Na kwa sababu ya kapu hili, mheshimiwa, mama hupata nafasi ya kusoma gazeti, na baba humsaidia kubembeleza mtoto." Mtoto hatukuwa naye. Gazeti nililijua kwa kufungia dagaa. Nikamtazama Fidelis, naye akanitazama, na kicheko kikatutoka sote wawili, kikubwa, hatukuweza kukizuia. Bibi naye akaanza kucheka, akikohoa.

Kisha tukasikia sauti nzito ya mgeni rasmi: "Bwana Shamba, choo nimekiona. Lakini hao wanaocheka ndani, hao ndio uwaonyeshe watu." Uwanja mzima ukapiga makofi.

Tuzo ya banda bora hatukupata, maana kwenye vurugu zile hakuna aliyekumbuka kuchemsha chungu kabla ya kukitia kapuni, na kapu lilipofunguliwa mchele ulikuwa mbichi. Ila kwenye mkutano uliofuata kijijini, Fidelis alisimama bila kuulizwa akasema, "Matuta alichimba mke wangu. Mimi nilibeba mawe." Wanaume wakamcheka kidogo. Akakaa chini, akavumilia, na mimi siku hiyo nilimpenda kuliko siku ya harusi.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kuanza nyumba yako, nakuomba mambo haya uyashike. Panda mboga, fuga sungura, jenga jiko zuri, yote ni mema. Lakini mwenzio akikuumiza, muulize yeye mwenyewe, muulize mapema, kabla hujawaambia majirani. Kazi aliyoifanya mwenzio itaje kwa jina lake mbele za watu, na yako itaje bila aibu, hata kama ni kubeba mawe.

Mungu akujalie mwenza wa kusema naye, akupe mvua ya kiasi na ardhi isiyoporomoka, na nyumba yako iwe na watu ndani.