Swali ambalo hatukuwahi kumuuliza Akinyi

Leo daktari amemuuliza dada yangu Akinyi swali moja, na mimi ndiye niliyelia.

Nilimpeleka kliniki Homa Bay kwa sababu amekuwa akizimia.

"Mama, ulipojifungua, ulitokwa na damu nyingi?"

"Nyingi sana, daktari. Nilikaribia kufa."

Hiyo ilikuwa huko Macalder alikoolewa, miaka ya tisini. Baada ya hapo maziwa hayakutoka hata tone. Hedhi ikakatika. Alisikia baridi jua likiwaka, na alichoka hata kwa kufagia. Mama mkwe wake akasema amemkataa mtoto, akamrudisha kwetu.

Mimi nilimwita mvivu mbele ya watu. Si mara moja.

Vipimo viliporudi, daktari alitueleza polepole. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo inayoongoza homoni za maziwa, za hedhi na za nguvu mwilini. Mama akipoteza damu nyingi wakati wa kujifungua, tezi hiyo inaweza kufa. Dawa zipo, atameza kila siku.

Nilidhani Akinyi atakasirika. Miaka yote hiyo, jamani.

Alisema tu, "Niandikie hayo kwa Kiswahili rahisi."

"Ya kupeleka duka la dawa?" daktari akauliza.

"Hapana. Ni ya binti yangu. Aliambiwa nilimnyima maziwa."

Daktari akaandika ukurasa mzima.

Sasa tuko nyumbani. Akinyi anamsomea binti yake karatasi hiyo kwa simu, na binti anasikiliza.

Mimi nimekaa mlangoni. Bado sijamwomba dada yangu msamaha. Ninyi mngeanza vipi?