Neno la Siri Nililoogopa Kulitamka

Kwetu, jina la mama mkwe halitamkwi. Utamwita mama, au utakohoa mlangoni mpaka atoke, lakini jina lake ulilisikia mara moja siku ya posa, ukalimeza, basi. Kwa hiyo meneja wa hoteli niliyofanyia kazi kule Galu aliponiambia nibadilishe neno la siri la kompyuta, nilitafuta neno ambalo hata usingizini nisingelisema. Nilipolipata nilijiona nina akili kuliko watu wote kutoka Tiwi mpaka Msambweni.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa karani wa vyumba. Kompyuta ilikuwa moja, na majina ya wageni yalikaa ndani yake. Haikuwa na picha za kubonyeza kama za siku hizi. Ulikutana na kioo cheusi na kistari kinachokonyeza, ukakiandikia amri, nacho kikatii au kikakugombeza kwa Kiingereza. Fundi aliyeiweka, bwana mmoja wa bara aliyekuwa akiishi Mombasa, aliniachia karatasi ya amri.

"Mzee, andika hivi hivi," alisema. "Usiongeze, usipunguze."

Nilipunguza. Katika mstari wa kubadilisha neno la siri niliona neno moja la Kiingereza limeandikwa mara mbili, karibu karibu. Mimi nilimaliza kidato cha nne, na mwalimu wetu wa insha alikuwa akimchapa mtu kwa kurudia neno. Nikamsahihisha fundi: neno la pili nikaliacha. Nikaandika jina la mkwe, mashine haikulalamika, nikaenda nyumbani nikipiga mluzi.

Asubuhi ikanikataa. Nilijaribu polepole, nikajaribu haraka, nikajaribu kwa bismillahi. Jibu lilikuwa lile lile: huna ruhusa. Na siku hiyo basi la wageni lilikuwa lifike saa kumi alasiri, na orodha ya nani alale wapi ilikuwa ndani ya mashine ile peke yake. Zamani tulikuwa na daftari kubwa. Ni mimi niliyemshawishi meneja tuliache, na kurasa zake nikampa muuza bajia wa Ukunda afungie bajia.

Aliyeingoja orodha hiyo kuliko wote ni mkuu wa dobi, ili apange mashuka: chumba kipi cha wawili, kipi cha familia, kipi cha wazee wasioweza ngazi. Mkuu wa dobi alikuwa mama mkwe wangu.

"Mkwe," aliita kutoka mlangoni, "orodha iko wapi?"

"Inakuja, mama. Mashine inaamka."

"Mbona mimi nimeamka tangu alfajiri?"

Nikampigia fundi simu. Niliyomwambia naona haya kuyaandika. Meneja alikuwa amesimama kando yangu, kwa hiyo nilisema kwa sauti kubwa kwamba kazi yake ni mbovu na amri zake zimetuharibia hoteli.

"Umebadilisha paswadi, mzee?" aliuliza.

"Kama ulivyoandika."

"Hivi hivi?"

"Hivi hivi," nikasema, mwongo mkubwa mimi.

Alifika saa nane, shati limelowa jasho, akaketi. "Niambie hiyo paswadi nijaribu mwenyewe."

Nikatazama mlangoni. Mkwe alikuwa pale pale, na bunda la mashuka kifuani.

"Siwezi."

"Umesahau?"

"Sijasahau. Siwezi kuisema."

"Ni tusi?" akauliza meneja.

"La hasha, bwana! Si tusi."

"Basi niandikie," akasema fundi.

"Utaisoma kwa sauti."

Fundi alishusha pumzi, akageukia kioo cheusi. Kwanza aliizima hifadhi ya majina. Kisha akaiwasha upya kwa amri ndefu, akanieleza kwamba sasa ni kama bawabu aliyeambiwa leo asimuulize mtu chochote. Akaingia bila hodi, akaitisha orodha ya watumiaji.

"Usijali, paswadi hazionekani," alisema. "Mashine huzisaga. Utaona takataka ya herufi na namba tu."

Nikamshukuru Mungu mapema mno. Mstari wa meneja, aliyelisahau neno lake siku ya kwanza, ulikuwa takataka. Mstari wa fundi, wa majaribio tu usiofungua kitu, takataka. Mstari wangu ulikuwa jina la mkwe, zima, limesimama peupe kama bango la duka. Kumbe lile neno nililoliacha ndilo lililokuwa lisage! Mashine ilisaga kila nilichoandika asubuhi, ikakilinganisha na jina bichi, ikaona havifanani.

Fundi aliinama, akasoma kwa sauti, silabi moja moja.

"Abee!" akaitika mkwe.

Alitazama nyuma yake, akatazama mbele. "Nani kaniita?"

"Ni wewe, mama?" Fundi alielekeza kidole kwenye kioo. "Uko huku ndani."

Alisogea na mashuka yake, akasoma. Mimi nilikuwa nachunguza feni ya darini.

"Mkwe, umenifanya kufuli?"

"Nilitafuta neno ambalo sitalisema kamwe, mama."

"Na kweli hukulisema. Umemwachia mgeni alitamke."

Meneja alitoka nje kucheka. Nikamfuata huko huko, nikamwambia kwamba karatasi ya fundi haikuwa na kosa, kosa lilikuwa langu. Niliporudi, fundi alikuwa ameandika amri upya, maneno yote mawili yapo, anangoja neno jipya la siri.

"Nitaliweka mimi," akasema mkwe. "Wewe geukia ukutani."

Akaliandika kwa kidole kimoja. Saa tisa printa ilianza kukereza, mashuka yakatandikwa, na basi lilipofika kila mgeni alipata kitanda chake.

Lakini neno lile hakuniambia, na meneja, aliyekuwa akifurahia mambo yale, alisema libaki hivyo. Msimu mzima, kila asubuhi, nilikwenda dobi, nikakohoa mlangoni, mkwe akafuta mikono, akaja kuifungua mashine huku mimi nikitazama ukuta.

Siku moja alikwenda matangani Msambweni, nikabaki na kioo cheusi. Nilijaribu kubahatisha. Nikaandika jina la marehemu mumewe, la mke wangu, hata la mbuzi wake. Mwisho nikaandika jina langu. Lilipokataliwa liliniuma kuliko nilivyotarajia, na hapo ndipo nikakumbuka kwamba sikuwahi kumwomba radhi.

Aliporudi nilimpelekea doti ya leso, nikamwomba radhi, nikasema ningependa aniamini tena. Aliipokea, akaipapasa ukingoni jinsi apapasavyo mashuka, akaikunja vizuri. Kisha akavuta kiti mbele ya kompyuta.

"Nimekusamehe," alisema. "Geukia ukutani, mkwe."